Ng'ombe Aliyetolewa Msibani

Kutoka Kisarawe hadi Bariadi ni mbali kuliko nilivyoonyeshwa shuleni. Kwenye ramani yetu ya darasani nchi nzima ilikuwa na upana wa dawati. Nilipopanda treni Dar es Salaam, daraja la tatu, nikiwa na sanduku la bati, barua ya ajira na nazi alizonifungia mama, nilimwambia jirani yangu wa kiti kwamba keshokutwa asubuhi nitakuwa kazini. Alikuwa mzee wa Urambo, mwenyeji wa reli. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimebeba maji.

Tabora tulisubiri kichwa cha treni. Kichwa kikaja, tukamsubiri dereva. Malampaka nilishuka gizani, nikadandia lori la mbegu za pamba hadi Maswa, na pale Maswa nikalala juu ya magunia kwa sababu utingo aliniambia nikishuka nafasi itachukuliwa. Niliingia Bariadi kesho yake nikiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyechovywa kwenye unga. Mtoto mmoja aliponiona alimwita mama yake aje aone.

Nawaandikia ninyi makarani vijana mlioniaga juzi. Mliniomba neno la busara, nikasimama, nikasema, "Asanteni kwa soda." Neno lenyewe lilikuwa refu, ndiyo maana naliandika. Nimeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, nikiwa na miaka arobaini na ushee, kwa sababu makalio yamechoka viti vya serikali lakini miguu bado haijachoka barabara. Nimefanya kazi katika mahakama nyingi. Popote niliposikia pana nafasi, niliomba uhamisho. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi kiasi cha kupoteza karatasi. Nataka niseme jinsi mtu anavyoamua kwenda mahakamani, au kutokwenda, na hilo nililijifunza Bariadi, kazi yangu ya kwanza.

Mahakama ya Mwanzo ilikuwa chumba kimoja kikubwa na viwili vidogo, paa la bati, na mlango ambao mbuzi wa jirani waliujua kuliko mawakili. Karani mkuu aliitwa Mzee Ndaki, mtu wa Mwamanyili, mwembamba, mwenye kijiti mdomoni tangu asubuhi hadi kufunga ofisi. Nilimwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia kwanza.

"Kabila gani wewe?"

"Mzaramo."

Akainuka, akanipa mkono kwa furaha ya kweli. "Mtani wangu. Basi hapa utaonewa kwa haki kabisa."

Kwa wasiojua: Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za wapagazi walioshuka pwani na mizigo. Mtani anakutukana usinune, anachukua chakula chako usimzuie, na ukifiwa anakuja kuwachekesha wafiwa hadi msiba upungue uzito. Mzee Ndaki alianza siku ileile. Alizichukua nazi za mama yangu, akazifunga kikaratasi chenye namba, akaziweka kwenye rafu ya vielelezo. "Zitakaa hapa mpaka upelelezi ukamilike," alisema. Wiki nzima watu wa vijijini walikuja kuzitazama, wakauliza ni kesi ya uchawi au ya mauaji.

Vifaa vyangu vilikuwa mhuri, kidau cha wino, taipureta isiyokuwa na herufi "k", na baiskeli ya Kichina ya kupelekea samansi. Fikirieni kuandika Kiswahili bila "k". Nilizijazia kwa kalamu, moja moja, kila ukurasa, na hadi leo nikisoma gazeti macho yangu yanazihesabu. Baiskeli niliipenda zaidi. Nilifika nayo hadi vijiji ambavyo tarishi aliyenitangulia aliviandikia tu "mdaiwa hakuonekana".

Lakini kifaa kikuu cha Mzee Ndaki kilikuwa benchi. Lilikuwa nje, ukutani, upande wa kivuli. Mlalamikaji akifika na hasira, Ndaki hakufungua jalada. Alimwonyesha benchi, akamtumia kikombe cha chai na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo huwezi kuvitafuna haraka hata ungependa.

"Hakimu anaona kesi," aliniambia. "Karani anaona hasira. Mtu akimaliza matobolwa na bado ana hasira, hiyo ni kesi. Hasira ikiisha kabla ya viazi, ilikuwa njaa."

Baada ya viazi aliuliza maswali mawili. La kwanza, "Unataka nini?" Karibu wote walijibu, "Nataka afungwe," hata kama kosa lenyewe lilikuwa kuku. La pili, "Siku ukifiwa, huyu utakayemshtaki utataka aje?" Hapo ndipo watu walipokuwa wakiinuka, wanajifuta vumbi, wanasema wamekumbuka wameacha ng'ombe kwenye shamba la mtu.

Hakimu wetu, Mheshimiwa Mbwambo, hakulipenda benchi lile. Alikuwa Mpare, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitusimulia kwamba kwao mtu anauza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya mbuzi. "Ndaki, unaninyima kazi," alilalamika. "Watu wakipatana wote huko nje, mimi nitamhukumu nani, mbuzi wa jirani?"

Basi ikaja miaka ya soko huria, na benchi likapata wateja wapya. Maduka yakafunguka, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani yao, vibanda vya video vikaingia mjini na jenereta. Kijana mmoja alitaka kumshtaki mwenye kibanda kwa sababu mafuta ya jenereta yaliisha kabla shujaa hajalipa kisasi. Aliomba mahakama iamuru filamu imaliziwe. Mwingine alitaka kumshtaki mganga aliyempa dawa ya kushinda mashindano ya ngoma, halafu wapinzani wakashinda. Tulipomwita mganga akasema wapinzani nao walikuwa wateja wake, na walimwahi. Mheshimiwa Mbwambo alitafakari jambo hilo kwa siku kadhaa, akasema ni zuri mno kwa Mahakama ya Mwanzo.

Soko huria hilohilo ndilo lililomleta Shomari. Alikuwa Mzaramo mwenzangu, mtu mnene, mcheshi, aliyekulia Kariakoo, akafungua duka la mitumba karibu na stendi. Aliniita mdogo wangu, nami nikamwita kaka, na Ijumaa baada ya swala nilikula kwake wali wa nazi. Wasukuma walimpenda kwa matusi yake. Alivaa makoti ya baridi ya Ulaya katika jua la Bariadi ili watu waone bidhaa.

Miongoni mwa wateja wake alikuwepo Mzee Masunga, mkulima wa nje ya mji, njia ya kwenda Mkula. Masunga hakuwa na ng'ombe wengi, lakini alikuwa na maksai wawili waliosifika. Aliwafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama, mmoja kulia na mwingine kushoto kwa nira, na akawaita Chama na Serikali, kwa kuwa, alisema, mmoja hatembei bila mwenzake. Kwa maksai hao alilima mashamba yake, kisha akawalimia wajane wa kijiji.

Mwaka huo, kiangazi kikiwa kikali, mama yake Masunga alifariki. Tulikwenda wote kuzika, mahakama ikafungwa. Wanawake walilia hadi sauti zikakauka. Ndipo Shomari, katika koti lake la manyoya, akateremka kaburini akalala chali.

"Bibi mtafutieni pengine," alisema kutoka chini. "Hapa pana ubaridi mzuri. Dukani kwangu joto."

Kicheko kikaanza kwa wazee, kikawafikia wanawake. Wakampa jogoo atoke. Akasema jogoo huyo ni mgonjwa, amemwona mara mbili akikohoa. Wakampa mbuzi, akajifunika koti, akakoroma. Masunga alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, machozi hayajulikani ni ya nini.

"Basi unataka nini, mla nazi wewe?"

"Nataka Serikali."

Umati ulipasuka kwa kicheko. Masunga alifuta uso, akasema mbele ya watu wote, "Mchukue. Niondokee kwa mama yangu."

Shomari akatoka, bibi akazikwa vizuri, na watu wakasema msiba ulikuwa mwema.

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Mtani mwenye akili hutaja ng'ombe ili apewe jogoo. Akiachiwa ng'ombe, humshika kamba, humzungusha uwanjani watu wacheke, na jioni kabla ya jua kuzama humrudisha zizini, akaondoka na jogoo wake. Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa mtu aliyekulia Kariakoo. Mimi nilikuwa nimetangulia kurudi na baiskeli kufungua ofisi, sikuwepo kumwonya. Shomari aliaga watu vizuri, akaondoka na maksai hadi mjini, watu wakidhani anazidisha utani. Jua likazama. Na kilichotolewa msibani kikilala nje ya boma kimeshatoka; wenyeji wanasema hakirudi isipokuwa kwa msiba mwingine, pale aliyetoa atakapokwenda naye kudai kwa mtani wake.

Wiki ya kwanza Shomari alijisifu. Wiki ya pili Serikali alikula sweta mbili na mkono wa koti. Alifungwa nyuma ya duka, akawa anaita mwenzake mchana kutwa, wateja wakashindwa kupatana bei. Shomari alimnunulia majani kwa watoto wa baiskeli, akamnunulia pumba, akamwogopa.

"Mdogo wangu," aliniambia, "huyu mnyama ananitazama."

"Mrudishe, kaka."

"Nilikwenda. Mke wa Masunga alinifukuza na mwiko. Aliniuliza, mama mkwe wake hakustahili ng'ombe? Eti nimekwenda kumrudishia heshima au kumtukania marehemu?"

Masunga naye alikuja mahakamani, siku ya mnada. "Mwangaluka," alisalimia, akaketi kwenye benchi bila kuelekezwa. Alimaliza matobolwa yote, polepole, hadi ya mwisho. Mzee Ndaki aliniangalia. Hilo lilikuwa jambo zito.

"Unataka nini?" Ndaki aliuliza.

"Nataka kulima. Mawingu yameanza kuja upande wa ziwa. Chama hatembei na ng'ombe mwingine. Nimemfunga na dume la jirani, akalala chini na nira yake. Jirani atalima kwake kwanza, halafu kwa shemeji yake, halafu mvua imekwisha. Mwaka huu wanunuzi wa pamba ni wengi, mimi nitauza nini? Na watoto watakula nini?"

"Mwombe Shomari."

"Niombe kilichotoka kwenye kaburi la mama yangu? Watu watasema nilimzika kwa mkopo."

"Basi mshtaki."

"Kwa kosa gani? Kuchekesha?"

Akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi, akala, akauliza jambo lilelile kwa maneno mengine. Akawa anakuja kila siku ya mnada. Na siku zisizo za mnada alikuja Shomari. Nimefanya kazi mahakamani miaka mingi, na yeye ndiye mdaiwa pekee niliyemwona akilia kwamba hashtakiwi.

"Mwambie anishtaki," alisema. "Nitakubali kila kitu. Anishtaki kwa wizi."

"Kwa wizi utafungwa, kaka."

Alifikiri kidogo. "Huko jela ng'ombe wanaruhusiwa?"

Nilimpelekea hakimu habari. Macho ya Mheshimiwa Mbwambo yaling'aa. Alifunga mlango, akatembea chumbani, akaiona kesi yote. Wizi hakuna, alisema, kwa kuwa kijiji kizima kilisikia neno "mchukue". Lakini shauri la madai linawezekana. Masunga afungue shauri, adai kwamba alitoa kwa utani na si kwa zawadi. Shomari asimame, akubali. Hukumu itolewe hapohapo, ng'ombe arudi kwa amri ya mahakama, na hakuna aliyeomba wala aliyerudisha.

"Imelazimishwa na sheria," alisema. "Nani atamcheka mtu aliyelazimishwa?"

Hata Mzee Ndaki alitoa kijiti mdomoni. Kwa kweli ilikuwa hukumu nzuri, na nilijivunia kuwa karani wake.

Masunga alielezwa, akakubali. Siku ya kufungua shauri alikuja na shati safi na mke wake, Mama Kabula. Upepo wa mvua ulikuwa unapiga bati. Niliketi kwenye taipureta, nikaandika, nikajaza "k" zangu, nikamsomea ili aweke dole gumba.

"'Mimi Masunga, mkulima, namdai Shomari, mfanyabiashara, ng'ombe maksai mmoja, kwa kuwa siku ya mazishi ya mama yangu mzazi...'"

"Subiri," alisema Masunga. "Hiyo karatasi itakaa wapi?"

"Masjala."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mchwa waipate."

"Na mtu akija kuisoma?"

"Ni ya umma, mzee. Anayetaka anasoma."

Kidole chake kilikuwa tayari cheusi kwa wino. Alikitazama, akamtazama mkewe. Mama Kabula alikuwa anaangalia mawingu kupitia dirishani, na najua alichokuwa akikifikiria, kwa sababu ghala lao nililiona karibu tupu nilipokwenda kuzika.

"Mama yangu alizikwa vizuri," Masunga alisema. "Watu walicheka. Hajawahi kukaa ofisini maisha yake yote. Hataanza sasa."

Akafuta kidole kwenye ukuta wa mahakama. Alama ile ilikuwa bado pale nilipoondoka. Mke wake akamfuata nje, akasema tu, "Basi tutalima kwa mkono." Mheshimiwa Mbwambo alipotoka ndani na joho lake, alikuta kiti kitupu. Alilivua, akaenda nyumbani mapema kama mtu aliyefiwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha. Nilipita kwa baiskeli nikamwona Masunga na Mama Kabula shambani wameinama na majembe, wamemaliza kipande cha ukubwa wa uwanja wa nyumba. Chama alikuwa amesimama pembeni, anatazama upande wa mjini.

Wakati huohuo uhamisho wangu ulikuja. Niliuomba mwenyewe muda mrefu nyuma, siku moja niliyosikia kwamba Mtwara wanahitaji karani. Sikuwa na sababu, nilitaka tu kuona mto Ruvuma. Nilipomwonyesha Mzee Ndaki barua, hakuniuliza kuhusu Ruvuma.

"Unakwenda na kurudi, au unaondoka kabisa?"

"Kabisa, mzee. Ila nitakuja kuwasalimia."

"Hapana. Kabisa ya kabisa, au hii ya kuja kusalimia?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo ya ng'ombe mzima," alisema, na hakueleza.

Asubuhi ya safari nilifika stendi na sanduku langu na godoro. Basi la Mwanza kupitia Lamadi lilikuwa linapakia. Nilipoweka godoro chini nisubiri utingo, nikasikia kilio. Alikuwa Masunga, amejifunga kamba kiunoni, anakuja mbio na wanaume wa kijiji nyuma yake. Akajitupa juu ya godoro langu, akalala chali.

"Mzaramo amekufa," alilia. "Anakwenda asikorudi. Jamani, mfiwa ni nani hapa?"

Nilifungua mdomo. Mzee Ndaki alinishika bega. "Marehemu hasemi."

Shomari alitoka dukani mbio, sweta mkononi. Alielewa upesi kuliko mimi. "Mfiwa ni mimi, huyu ni ndugu yangu wa damu, wa Kisarawe. Mtani, ondoka kwenye kaburi la mdogo wangu."

"Siondoki. Hapa pana ulaini mzuri."

"Unataka nini?"

"Nataka Serikali."

"Mchukue," alisema Shomari. Neno lilimtoka kabla Masunga hajamaliza.

Masunga aliinuka kwa kiwiko, akamkaripia kwa sauti ya chini. "Kwanza unikatalie, wewe. Unanidhalilisha mbele ya watu."

"Samahani. Sikupi. Nakupa jogoo."

"Jogoo huyo anakohoa."

"Nakupa koti."

"Koti limeliwa mkono."

Stendi yote ilikuwa inacheka, hata abiria wa mbali wasiojua kisa. Dereva alizima injini. Shomari alikataa mara moja zaidi, kwa uchungu wa kuigiza ambao nadhani nusu yake ulikuwa wa kweli, kwa kuogopa Masunga asije akakubali koti. Kisha akatupa mikono juu, akasema, "Mchukue, tumzike huyu kijana." Serikali akaletwa. Mheshimiwa Mbwambo, aliyesimama kando na mwavuli, alitamka kwa sauti ya mahakamani kwamba ameshuhudia, na kwamba jambo hili halina rufaa.

Nilitaka kuwaaga. Nilikuwa nimetayarisha maneno, mengi, ya kumshukuru kila mmoja. Mzee Ndaki alinisukuma hadi mlangoni mwa basi.

"Panda. Na usirudi, unasikia? Sio leo, sio baada ya miaka. Ukionekana hapa mjini, basi hukufa, msiba ni batili, na yule ng'ombe ni wa Shomari tena."

"Hata kuja kuwasalimia?"

"Utatusalimia kwa wengine," alisema, akageuka haraka, kijiti kimeanguka mdomoni.

Basi lilichelewa kwa sababu ya mbuzi waliopakiwa juu. Tulipofika nje ya mji, Masunga alikuwa ametutangulia, anatembea kando ya barabara ya Mkula na Serikali kwa kamba. Shambani Chama alikuwa ameshamsikia mwenzake, anaita. Mama Kabula alikuwa ameinua nira, ameishika kwa mikono miwili, anangoja.

Masunga alilisikia basi, akageuka. Nikatoa mkono dirishani nimpungie. Kisha nikakumbuka kwamba nimekufa, nikaurudisha ndani.